Mcheza Kwao Hutunzwa: Funzo la Chuo Kidogo kwa Kwale

Methali isemayo "mcheza kwao hutunzwa" tumezoea kuifafanua kwa mfano wa ngoma. Makala haya yanakusudia kuitazama kwa jicho la uwanja wa michezo, na kudai kuwa vyuo vya Kwale vina haja ya kuizingatia.

Tuanzie mbali. Katika mji wa Alliance, jimbo la Ohio nchini Marekani, kuna Chuo Kikuu cha Mount Union, chenye wanafunzi wapatao elfu mbili tu. Fahari yake ni futiboli ya Kimarekani, mchezo ulio karibu zaidi na raga kuliko kandanda yetu. Chuo hicho hushiriki daraja la tatu la michezo ya vyuo, ambako ni marufuku kumlipia mwanafunzi karo kwa sababu ya uchezaji wake. Hata hivyo, kati ya 1986 na 2012, chini ya kocha Larry Kehres, kilitwaa ubingwa wa taifa wa daraja hilo mara 11. Kehres mwenyewe aliwahi kuwa mwanafunzi na mchezaji wa chuo hicho. Alipong'atuka, mwanawe Vince, ambaye pia alichezea papo hapo, alishika hatamu na kuongeza mataji ya 2015 na 2017.

Wapo watakaosema kuwa Marekani ni nchi ya fedha. Ni kweli, lakini washindani wa Mount Union nao ni wa nchi hiyo hiyo na wanafungwa na kanuni hizo hizo. Kilichokitofautisha chuo hiki ni mwendelezo: aliyefunzwa alirudi kufunza.

Sasa tugeukie kwetu. Kwale ina bewa la Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na Msambweni ina chuo cha mafunzo ya utabibu. Vipaji navyo havikosekani. Maji yakipwa, ufuo wa Diani hugeuka uwanja. Je, ni wangapi kati ya vijana hao wanaovutwa vyuoni na mchezo wao, badala ya kungojea msimu wa watalii? Na wanaohitimu, ni wangapi wanaoitwa warudi kuwanoa wadogo zao?

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili tunapoingia. Kutunza ni kutuza, lakini pia ni kuhifadhi. Timu isiyo na kumbukumbu huanza upya kila mwaka. Wazee wa Msambweni, Ukunda na Vanga wanazo habari za timu za ujana wao, kwa Kidigo na kwa Kivumba. Tusipozikusanya na kuziandika, zitazikwa pamoja nao.

Kwa hivyo napendekeza chama chetu kifanye ukusanyaji huo kuwa sehemu ya utafiti wake wa fasihi simulizi. Vyuo navyo viwape wahitimu wao nafasi ya ukocha. Mchezaji wa Kwale amekwisha kucheza kwao. Wajibu wa kumtunza ni wetu.