Waliokoma Hedhi Nao Waulizwe Hali

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako tukufu nipate kudhihirisha jambo ambalo sisi wanawake wa Nkungu, wilayani Rusizi nchini Rwanda, twalistahimili kwa kimya. Serikali yetu imetufanyia ihsani kubwa: tangu mwaka 2011 wasichana huchanjwa dhidi ya saratani ya shingo ya kizazi, Desemba 2019 taulo za kike ziliondolewa kodi ya ongezeko la thamani, na mjamzito hutembelewa nyumbani na mshauri wa afya wa kijiji. Lakini mwanamke akishakaribia miaka 50, hedhi ikakatika, mwili ukamwaka joto usiku wa manane, usingizi ukamhama, na huzuni isiyo na sababu ikamkalia moyoni hata mumewe akadhani amechukiwa, hapana amwulizaye hali; naye, kwa kuona haya, hudhani kuwa maradhi hayo ni yake peke yake. Jambo hili lanihuzunisha mno.

Nawasihi wakuu wa afya wawafundishe washauri hao dalili za ukomo wa hedhi, na mwanamke atokwaye na damu baada ya mwaka mzima wa kukoma asiambiwe kuwa ni uzee, bali apelekwe kupimwa upesi.

Wako mtiifu,
Bibi wa wajukuu,
Nkungu, Rusizi