Jina la Ng'ang'a si Virusi

Swali kwa madevelopa wote wa hii nchi: Ng'ang'a amewakosea nini?

Unajaza fomu ya mtandaoni. Jina la kwanza, poa. Jina la ukoo unaandika Ng'ang'a vile liko kwa kitambulisho, halafu nyekundu inawaka: "Tafadhali andika jina sahihi." Jina sahihi! La babu yako! Ng'eno, Ng'etich, Nyong'o, wote wanaijua hiyo nyekundu. Basi unatoa ritifaa, unakuwa Nganga, fomu inatulia. Siku ya siku mtu kwa kaunta anakuambia jina la kwenye mfumo halifanani na la kitambulisho, enda utafute hati ya kiapo. Pesa ya wakili inatoka kwa nani? Si kwa developa.

Na ritifaa si pambo. Tulifunzwa tukiwa wadogo: ng' ni sauti moja, ya ng'ombe. Bila ritifaa ni ile ya ngoma. Ukiitoa hujasafisha jina, umelibadilisha.

Tuingie jikoni sasa. Fomu hukagua jina kwa regeksi, yaani kielelezo kinachoambia kompyuta maandishi gani yakubaliwe. Developa ameandika ^[A-Za-z]+$, maana yake A hadi Z pekee, wengine kaeni nje. Muulize mbona, atakuambia ritifaa ni alama maalum, italeta shida. Wapi, buda? Kwa regeksi alama zenye kazi maalum ni nukta, nyota, +, ?, ^, $, |, mabano na mkwaju wa nyuma. Ritifaa haimo! Ungeiweka tu ndani ya mabano, [A-Za-z' -], na Ng'ang'a angepita.

Zenye zinahitaji kulindwa ndizo wanasahau. Namba zetu zinaanza na +254. Kwa regeksi + ni "rudia kilichotangulia", kwa hivyo ukiandika ^+254 JavaScript inagoma. Inataka \+254, huo mkwaju wa nyuma ukisema: hii isome kama ilivyo. Nukta ni mbaya zaidi kwa sababu hailalamiki. Ni "herufi yoyote", so co.ke bila mkwaju inakubali hata coxke. Takataka inapita, Ng'ang'a anazuiwa. Na Python iko na re.escape ya kukufanyia hiyo kazi, JavaScript nayo ikapata RegExp.escape kwa toleo la 2025.

"Lakini ni usalama wa databesi, bana." Sawa, kwa SQL ritifaa hufungua na kufunga maandishi, na mtu mbaya anaweza kupenyeza amri yake hapo. Lakini hatari iko kwa kubandika maandishi ya mtu ndani ya amri. Tuma amri kivyake na data kivyake, lugha zote za maana zinaruhusu, na jina linaingia bila kuumiza mtu. Tena huyo mwizi hajazi fomu yako. Anatuma data moja kwa moja kwa seva. Umemfungia mwenye nyumba mlango na mwizi yuko dirishani.

Fomu ikitoka ng'ambo (ona, hata ng'ambo iko na ritifaa) naelewa kidogo. Lakini imeandikwa hapa Nairobi, na mtu aliyekaa darasa moja na akina Ng'ang'a watatu! Lupita Nyong'o alibeba Oscar 2014 na ritifaa yake ikiwa mahali pake. Hapa nyumbani angeambiwa jina si sahihi.

Kabla uweke mfumo hewani, ujaribu na Ng'ang'a. Jaribu Anyang', lenye linaishia na ritifaa. Halafu chukua simu urudie, kwa sababu simu zingine hugeuza ' kuwa ’ na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Nyekundu ikiwaka, hiyo kazi bado hujamaliza, na usiitishe malipo.