Kipenga Kisubiri Huduma ya Kwanza

Mtahiniwa, kabla ya mechi za UMISSETA shule hukagua jezi, mipira na nyavu. Je, nani hukagua sanduku la huduma ya kwanza? Kwa maoni yangu, mechi isianze kabla swali hilo halijajibiwa.

Kwanza, hatari ni ya kweli. Desemba 2016 mchezaji wa kikosi cha vijana cha Mbao FC alianguka mechi ikiendelea katika Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, akafariki dunia. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache. Wa kusaidia ni aliyepo uwanjani, anayejua kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Pili, kuna umbali. Mwanafunzi wa Endamarariek akivunjika mguu na kutakiwa kupelekwa mjini Karatu, gari lisianze kutafutwa wakati yeye analia nyasini. Dereva ajulikane tangu asubuhi.

Wapo wanaosema shule hazina fedha. Ni kweli, lakini vijiti viwili vilivyonyooka na kanga hutosha kuutuliza mguu uliovunjika, bila kuunyoosha. Kuandika namba ya dereva ukutani hakugharimu chochote.

Huduma ya kwanza uliisoma kidato cha kwanza katika Baiolojia. Usiiache kwenye karatasi ya mtihani. Kabla ya mechi ijayo, muulize mwalimu wa michezo: sanduku liko wapi, na nani analo jukumu? Tahadhari kabla ya hatari.