Bakini na Bata Wenu wa Taulo

Kuna mtu mahali fulani nchini humu anayelipwa kukunja taulo ziwe bata. Namheshimu, kazi ni kazi. Hao bata hukaa wawili wawili juu ya kitanda, shingo zimekutana zikaunda umbo la moyo, na petali za waridi zimemwagwa kuwazunguka kama kwamba mimi na begi langu tuko fungate. Shida yangu si yule anayekunja. Shida yangu ni kwamba nikishawabomoa hao bata nikaoga, sina pahali pa kutundika taulo. Hakuna ndoano, hakuna msumari, nyuma ya mlango ni mbao tupu. Taulo mbichi naitandaza juu ya televisheni.

Mimi hurekodi sauti. Nabeba maikrofoni na vifaa vyangu kutoka kaunti moja hadi nyingine, leo Busia, kesho kutwa Lodwar, wiki ijayo Voi, na kwa miaka sita sasa nimelala katika vyumba vingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Silali kwenye zile hoteli za ufuoni zenye mabango. Nalala pale ambapo bajeti ya kazi inafika, na hapo ndipo wanapolala wengi wetu: wauzaji wa dawa wanaozunguka na gari la kampuni, walimu walioitwa kwa warsha, madereva wa malori, vijana wa kukusanya takwimu, jamaa waliokuja matangani nyumba ikajaa. Nasema hivi ili usidhani nalalamika kuhusu mto ambao si laini. Mto naweza kuuvumilia. Ninachosema ni kwamba chumba cha kulala wageni katika nchi hii kimetengenezwa kipigwe picha, halafu wewe unatupwa ndani yake baada ya picha.

Zamani mambo yalikuwa wazi. Mkenya akisema "hoteli" alimaanisha mahali pa chapati madondo. Pa kulala paliitwa lojing'i, na lojing'i haikukudanganya. Ulipewa sabuni kipande cha kidole, nusu karatasi ya choo, ndara zilizokatwa pembe ili usiibe, na kwenye droo ulikuta Agano Jipya na kondomu zikiishi pamoja kwa amani. Rimoti ya TV uliachia kitambulisho ndiyo upewe. Sasa kila lojing'i imepakwa rangi ya kijivu, ikatundikwa taa za dhahabu kwenye mapokezi, ikajiita hoteli, au "suites", hata kama vyumba ni kumi na mbili juu ya duka la mbolea. Bei ikapanda mara mbili. Ndani, soketi bado ni ile ile moja, iko nyuma ya kitanda, na kitanda kimepigiliwa ukutani.

Hebu tuongee kuhusu hiyo soketi kidogo. Mtu wa leo anasafiri na simu, pengine mbili, na tarakilishi. Mimi nina betri nane za kuchaji juu ya hizo. Mwenye chumba ameweka kabati la nguo nane kwa mgeni wa usiku mmoja, lakini umeme ameuficha kama mali ya wizi. Na zile hoteli za kadi ndizo balaa zaidi: unachomeka kadi ukutani stima inawaka, ukitoka kwenda kula unachomoa, na chaja zako zote zinakufa. Unarudi kutoka kula samaki, simu iko asilimia ile ile uliyoiacha. (Kwa taarifa yako, vingi vya vile vidude havijui kadi ni ya nini. Mimi huacha kadi ya zamani ya supamaketi. Karibu.)

Halafu bafu. Karibu kila mahali ni ile shawa ya stima, kichwa cha plastiki chenye nyaya mbili zimechungulia juu ya fuvu lako, zimefungwa kwa utepe mweusi. Wengi tunaichukulia kama bahati nasibu, ati leo imekubali, leo imekataa. Si bahati. Ndani ya kile kichwa kuna kiwambo ambacho lazima kisukumwe na maji ndiyo umeme uwake. Tangi likiwa chini sana juu ya paa, maji hayana nguvu ya kusukuma, kwa hivyo shawa haiwaki, na mgeni anaoga maji ya barafu akilaumu ukoo wake. Vyumba vya orofa ya mwisho ndivyo vilivyo karibu zaidi na tangi, ndivyo vyenye presha mbovu kabisa, na cha kushangaza ndivyo hoteli hukuuzia kwa bei ya juu kwa sababu vina mandhari. Fundi bomba yeyote anajua dawa: inua tangi, au weka pampu ndogo. Badala yake pesa zimewekwa kwa marumaru meusi yanayoteleza kama sabuni, na waya wa ardhini, ule wa kukuokoa shoti ikitokea, haujulikani kama upo. Umeme wetu ni volti 240. Huo si wa kufanyia mzaha mtu akiwa uchi na maji mwilini.

Na nani aliamua kwamba ukuta wa choo uwe kioo? Nimelipiwa chumba nikigawana na mwenzangu wa kazi, mama mzima wa kunizaa, ninamwita Mama kwa heshima zote, na kati ya vitanda vyetu na choo kulikuwa na kioo cheupe kisicho hata pazia. Tulipangiana zamu za kutoka nje kwenda kusimama kwenye korido. Asubuhi tukakutana huko na wanaume wawili wa chumba cha pili, nao wako kwa zamu yao.

Kelele sitaziongelea sana maana nikianza nitamaliza ukurasa. Nitasema tu, kama mtu ambaye masikio ndiyo mkate wake, kwamba hoteli inayoweka klabu kwenye paa na vyumba chini yake inakuuzia kitu ambacho haina. Ulinunua usingizi. Ile besi haipiti hewani ndiyo uizuie kwa pazia, inapita kwenye zege, inashuka na nguzo, inaingia kwenye kitanda kilichopigiliwa ukutani, inafika kwenye meno yako. Ukipiga simu mapokezi unaambiwa, "Madam, leo ni Ijumaa." Kana kwamba sijui siku.

Neti nayo! Ziwani na Pwani, malaria si hadithi. Unaingia chumbani unakuta neti imefungwa fundo juu kama kilemba cha bibi harusi, maridadi kabisa. Unaifungua usiku: tundu la kupitisha dole gumba, na ni ile ya duara inayoning'inia kutoka ndoano moja, nyembamba kuliko kitanda, kwa hivyo inakulalia begani. Mbu hahitaji kuingia. Neti ikigusa ngozi anakuuma akiwa nje, ameshikilia waya wake vizuri. Neti ya pembe nne inayoshuka hadi chini ya godoro ni kitu cha kawaida kabisa madukani. Haipendezi kwenye picha, basi.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Mimi ni mwanamke na mara nyingi husafiri peke yangu. Mlango wa chumba, kwa asilimia kubwa ya pahali nilipolala, una kitasa kimoja. Funguo yake moja ninayo mimi. Nyingine iko mapokezi kwenye ubao, imetundikwa chini ya namba ya chumba, pale ambapo kila anayepita anaiona. Nyingine iko kwa meneja. Komeo la ndani, kile chuma cha kusukuma kwa kidole usiku, hakuna. Mara nyingi kulikuwepo; unaona matundu manne ya skrubu na alama ya rangi. Kuna mji nilikobishiwa mlango saa saba za usiku mara tatu na mtu aliyekuwa akiniita "siz", akiwa na hakika kabisa ya jina langu, kwa sababu jina langu liko kwenye kitabu cha wageni kilichoachwa wazi kwenye kaunta, pamoja na nambari ya simu na ya chumba. Nilisogeza kiti chini ya kitasa nikakaa macho hadi adhana. Kwa hivyo nikikuambia chumba hakikuwa na kiti, elewa kwamba siongei kuhusu mahali pa kuweka begi.

Tangu usiku huo natembea na kabari ya mpira. Naisukuma chini ya mlango kabla sijavua viatu. Dada zangu wengi wanaosafiri kikazi wana yao, au wana kufuli, au wana mazoea ya kuburuta meza. Tunabadilishana maarifa haya kwenye vikundi vya WhatsApp kama mapishi. Na bado tukifika mapokezi swali la kwanza huwa ni, "Uko na nani?" Mwanaume nyuma yangu kwenye foleni hupewa ufunguo na "karibu boss".

Januari 2024 wanawake wawili waliuawa, siku chache baina yao, katika nyumba za kukodi za muda mfupi jijini Nairobi. Tarehe 27 mwezi huo maelfu waliandamana katika miji kadhaa. Unakumbuka mazungumzo ya mtandaoni yalienda wapi: alikuwa anafanya nini huko? Sisemi komeo lingewaokoa. Muuaji aliye ndani hazuiwi na komeo. Ninasema nchi iliuliza maswali yote kuhusu mwanamke na machache mno kuhusu chumba: nani ana funguo, nani anaandikwa na kitabu kinakaa wapi, mlinzi anafanya nini akisikia mayowe. Hayo ni maswali ya biashara ya malazi. Wenye biashara walinyamaza, wakarudi kukunja taulo.

Najua watakachojibu, nimekisikia. Wageni huiba. Huiba balbu, huiba rimoti, hung'oa hata ndoano. Sawa, wapo. Lakini angalia nani analipia huo wizi. Dada mmoja anayesafisha vyumba kule Bonde la Ufa aliniomba, kabla sijaondoka, nihesabu taulo mbele yake, kwa sababu ikikosekana moja inakatwa kwa mshahara wake. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu makato ya mali iliyopotea pale tu ambapo mfanyakazi mwenyewe amekosea kwa makusudi. Mgeni kuondoka na taulo si kosa la huyo dada. Yeye hakuwa ameisikia hiyo sheria, na hata angeisikia, angeipeleka kwa nani saa mbili asubuhi akiwa na vyumba kumi na nne vya kutandika kabla ya wageni wa saa nane? Ndiyo sababu mimi humwachia kitu chumbani, na ndiyo sababu ghadhabu yangu haiendi kwake hata shuka likiwa na doa.

Jibu la pili ni, "Lakini si ni usiku mmoja tu?" Kwako ni mmoja. Na hata huo mmoja umepunguzwa: naingia saa nane mchana, natakiwa kutoka saa nne asubuhi, kwa hivyo siku niliyouziwa ina saa ishirini. Chai iko ndani ya bei lakini jikoni hufunguliwa saa moja na gari langu linang'oa nanga saa kumi na moja alfajiri. Omba mayai mawili yachemshwe usiku ubebe, utaangaliwa kama umeomba hati ya shamba.

Na kuna wale ambao hata hiyo kabari yangu haiwasaidii. Mhariri ninayefanya naye kazi anatumia kiti cha magurudumu. Katiba, Kifungu cha 54, inampa haki ya kufika kila mahali kwa njia inayofaa. Tukipiga simu tunaambiwa, "Ndiyo, tuna ramp," kumbe ni ya kuingilia baa. Mlango wa bafu ni mwembamba, na kizingiti chake kimeinuliwa ili maji yasitoke. Safari mbili amelala kwenye chumba alichoweza kuingia na akaoga kwa beseni, amelipa bei sawa na mimi. Sasa yeye huomba apigiwe picha ya mlango wa bafu ukiwa na futi imewekwa juu yake. Wanamtumia ya bata.

Serikali ina Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na nyota hutolewa kwa vigezo vya pamoja vya Afrika Mashariki. Vizuri. Lakini pahali tunapolala wengi wetu hakuna nyota hata nusu, na hakuna anayekuja kukagua mlango. Kama leseni ya kaunti inaweza kuuliza kizima-moto kiko wapi, iulize pia komeo liko wapi. Ni chuma cha bei ya sahani mbili za pilau, na skrubu nne.

Mpaka hapo, ukifika mapokezi, usiulize waifai kwanza. Uliza kama mlango unafungwa kwa ndani, kisha panda ukaone kabla ya kulipa. Wakikataa uone, toka. Niliwahi kutoka saa tatu usiku kule Isiolo, nikavuka barabara hadi lojing'i ya kizamani ya mzee mmoja, kuta za kijani, hakuna TV. Alinionyesha chumba kwa tochi ya simu. Mlangoni palikuwa na makomeo mawili na misumari mitatu ya nguo, na kando ya kitanda kulikuwa na kiti.