Kutu Bondeni: Ngao ya chuma ndiyo ya kukaguliwa

WAKAZI wa Bondeni, Mombasa, huilaumu chumvi ya bahari kila mabati yanapotoboka. Hiyo ni nusu ya ukweli.

Mlaji hasa wa chuma ni oksijeni iliyomo hewani. Molekuli zake zikikutana na chuma chenye unyevu hunyakua elektroni zake, na kutu huzaliwa. Chumvi huharakisha tu shughuli hiyo. Mjerumani Gerhard Ertl alituzwa Nobel ya kemia mwaka wa 2007 kwa kufafanua yanayotokea gesi zinapogusa nyuso za vitu yabisi, vikiwemo vyuma.

Aluminiamu nayo huvamiwa na oksijeni, ila utando unaotokea huikinga. Kutu ya chuma hubanduka na kumwachia adui mlango wazi. Ndiyo maana mabati hupakwa zinki, nazo nondo za ghorofa hufunikwa kwa zege.

Hivyo, mjenzi anayepunguza zinki au unene wa zege kando ya bahari haokoi gharama. Anamtwika mpangaji hasara, na hata hatari ya maisha. Bahari haihamishiki. Wakaguzi wa majengo wa kaunti hawana budi kuipima ngao hiyo kabla nyumba haijapakwa rangi.