Plagi Si ya Kubahatisha

Wako mafundi wasemao, "Plagi ni plagi." Sisi hatukubali. Askari atunzaye Land Rover ya petroli ya Series III, aina iliyoundwa kati ya mwaka 1971 na 1985, asitosheke kuona plagi imeingia tunduni. Ikiwa ndefu mno, pistoni huigonga. Ikishika joto kupita kiasi, huwasha petroli kabla ya wakati na yaweza kutoboa pistoni. Ikipoa mno, huziba kwa masizi. Basi namba ya plagi ifuatwe kama ilivyoandikwa katika kitabu cha gari, na mwanya upimwe, karibu milimita 0.75. Ncha yenye rangi ya kahawia ni dalili ya afya. Raia aombaye msaada usiku hawezi kungoja gari lililozimika njiani.