Motokaa ya mchezo na motokaa ya kweli

Baba mmoja wa upande wa Sikonge ameniuliza swali, nami naona lawahusu wazazi wengi. Anaye kijana wa miaka kumi na tisa, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akikaa kwa ndugu zake mjini Tabora, na kila jioni alikwenda kwenye kibanda cha gemu kucheza mashindano ya motokaa. Sasa amerudi nyumbani, asema anajua kuendesha, na ataka apewe ufunguo wa pikapu apeleke magunia mjini. Tena yeye na wenzake wabishana usiku kucha. Mmoja asema gemu za kompyuta ndizo zenye uendeshaji wa kweli, mwingine asema za PlayStation hazina upungufu wowote. Baba auliza: je, mna ukweli wo wote ndani ya mambo hayo? Na ufunguo nimpe, nisimpe?

Usicheke, ndugu msomaji. Mchezo huo si picha tupu. Ndani yake mna hesabu, nayo ni hesabu ya mambo unayoyajua wewe mwenyewe. Chukua baisikeli yako, funga gunia la mkaa nyuma, uteremke mlima. Ukikamata breki kwa ghafula, wasikia uzito wote wakukimbilia mikononi, na gurudumu la nyuma lawa jepesi. Ukikata kona penye mchanga, gurudumu lakwenda upande usiotaka. Basi, gemu hufanya hesabu ya hayo kwa kila gurudumu la gari: lina uzito gani juu yake, mpira umeshika chini au wateleza, na chini pana lami, changarawe au mchanga. Ikimaliza, yaanza tena. Gemu iitwayo Forza Motorsport 2, iliyotoka mwaka 2007 kwa mtambo wa Xbox 360 unaofungwa kwenye televisheni, ilifanya hesabu hiyo mara 360 kwa sekunde moja. Hebu jaribu kuhesabu magunia kwa kasi hiyo!

Mwaka uliofuata, 2008, ikatoka iRacing, ambayo ni ya kompyuta tu. Nayo yahesabu mara 360 kwa sekunde. Idadi ni ile ile. Kwa hiyo asemaye kwamba mitambo ya televisheni haiwezi hesabu, amekosa.

Tofauti ninayoiona mimi iko kwanza mikononi. Kibandani kijana hushika padi, na usukani wake ni kijiti kidogo cha kidole gumba. Kidole chaweza kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa kabla hujasema “ah”. Usukani wa gari la kweli hauendi hivyo. Wauzungusha kwa mikono miwili, tena waweza kuuzungusha zaidi ya mara moja nzima. Kama gemu ingekitii kidole sawasawa, gari lingezunguka kama pia katika kila kona. Ndiyo maana watengenezaji huweka msaada wa chinichini: usukani hugeuzwa polepole kuliko kidole, breki huzuiwa zisifunge magurudumu, na gari likianza kuteleza hurudishwa kidogo njiani. Kijana adhani ni ustadi wake, kumbe ni hisani ya mashine. Msaada huo waweza kuuzima, lakini ni wangapi wauzimao? Wenye kompyuta wengi hufunga usukani wenye mota ndani, unaovuta mikono kama gari livutavyo, na pedali za miguu. Hata PlayStation huukubali usukani wa namna hiyo, ila bei yake ni kubwa, na katika vibanda vya Tabora nilivyoingia sijauona hata mmoja.

Jambo la pili ni kwamba gemu ya kompyuta watu waweza kuifungua na kuitengeneza. Richard Burns, Mwingereza aliyeshinda Safari Rally mwaka 1998 na tena mwaka 2000, alishiriki katika kutengeneza gemu yenye jina lake. Ilitoka mwaka 2004, kwa kompyuta na kwa mitambo ya televisheni pia. Burns mwenyewe alifariki mwaka 2005, kijana bado. Gemu yake ya televisheni imebaki kama ilivyozaliwa. Lakini ile ya kompyuta wapenzi wake wameendelea kuirekebisha mwaka hata mwaka, hesabu za matairi na za springi, na mpaka leo wako watu wanaoishindania. Kwa hilo wenye kompyuta wameshinda ubishi, nami nakubali.

Nimeitaja Safari Rally. Wazee wataikumbuka: ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu. Baada ya mwaka 2002 iliondolewa katika mashindano ya dunia, ikarudi mwaka 2021 huko Naivasha. Ajabu yake, gemu ya WRC 9 iliyotoka mwaka 2020 ilikuwa na barabara za Kenya, na mwaka huo Safari ya kweli ilifutwa kwa sababu ya korona. Basi vijana wa dunia nzima walilitimua vumbi la Naivasha sebuleni mwao kabla magari yenyewe hayajafika. Yalipofika, Thierry Neuville wa Ubelgiji aliongoza hadi siku ya mwisho, kisha shokapu ya nyuma ikaharibika, akaacha mashindano, na Sébastien Ogier wa Ufaransa akashinda. Gemu nayo huvunja shokapu, tena yavunja vizuri. Lakini mchezaji hubonyeza kitufe akaanza upya.

Sasa tuje kwetu. Katika gemu nyingi za mbio ardhi ni kama ubao mgumu uliopewa namba ya utelezi. Pita mara mia, ubao ni ule ule. Nawe wajua barabara zetu za vijijini zilivyo: mwinukoni mchanga mwepesi, bondeni mbuga yenye udongo mweusi unaonata, na kila lori lipitalo humchimbia mwenzake handaki. Jambo hili walilijua wapagazi zamani sana. Mnyamwezi aliyebeba frasila mbili begani, yaani kama kilo 32, alijua kwamba mguu hauzamishwi na matope peke yake, huzamishwa na mzigo. Mwaka 1871 msafara wa Stanley, ukitoka Bagamoyo kuja huku Tabora, uliteseka mno katika tope la Makata wakati wa masika.

Iko gemu inayoyahesabu hayo. Yaitwa Spintires, ilitoka mwaka 2014 kwa kompyuta. Halafu mwaka 2017 ikaja MudRunner, kwa kompyuta na kwa mitambo ya televisheni. Ndani yake hamna mbio. Lori la magogo hutambaa, tope hubonyea chini ya tairi, na gurudumu linalozunguka bure huzidi kujizika. Vijana wengi huiona ya kuchosha. Kijana wa Tabora akiniuliza gemu ipi ni ya kweli kwetu, nitamwambia ni hiyo, iwe ya kompyuta au ya televisheni.

Lakini yule kijana wa dada yangu hakuicheza hiyo. Yeye alicheza za mbio, tena alikuwa bingwa wa kibanda. Mwaka juzi alipata leseni ya kujifunzia, nami nikamkalisha kwenye usukani, nikakaa kando. Kweli nilishangaa. Alitazama mbali kama dereva mzee. Alikamata breki kabla ya kona, si ndani yake. Mkia wa gari ulipoyumba mchangani hakushtuka, aligeuza usukani upande ule ule, gari likanyoka. Hayo hakufundishwa na mtu, alifundishwa na gemu. Klachi tu ilimsumbua.

Nikapata kiburi mimi, si yeye. Juma lililofuata mvua ilinyesha, na tulikuwa na magunia manane ya mahindi nyuma, na dada yangu kati yetu. Nikamwachia usukani. Tulipoingia mbugani nilisikia kitini kwamba nyuma kumeanza kuelea; dereva huanza kusikia kwa makalio, samahani, kabla ya macho. Yeye hakusikia kitu, maana kiti cha kibandani hakijapata kumwambia neno. Alikuwa akitazama tu, na mbele palikuwa sawa. Akaongeza moto. Gari likaenda ubavu, magunia yakahamia upande mmoja, tukalala mtaroni. Dada yangu alivunjika mkono wa kushoto.

Basi, mzee wangu wa Sikonge, kijana wako hakukudanganya, kitu amejifunza. Lakini ufunguo bado. Apate kwanza leseni ya kujifunzia, na mtu mwenye leseni akae naye. Aanze na gari tupu, mchangani, wakati wa kiangazi. Akizoea, mtie magunia mawili, kisha manne, apate kusikia breki zinavyobadilika. Mbuga iwe ya mwisho, na kabla ya kuingia ashuke apime tope kwa fimbo.

Mpwa wangu sasa ana leseni kamili na anaendesha vizuri. Mama yake hupanda gari lake bila neno, ila masika, wakifika bondeni, hushuka na kuvuka kwa miguu.